Mgeni apewaye jembe siku ya kwanza

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni ambaye jembe lake humngojea mlangoni siku ile ile anayofika. Huyo ni kijana wetu aliyepata nafasi ya kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha Ulaya.

Wazazi wenye kijana wa namna hiyo huuliza juu ya nauli, baridi na chakula. Ni maswali ya haki. Lakini liko jambo la nne ambalo hawaliulizi, nalo ndilo lililomkwamisha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipokwenda Ujerumani mwezi Oktoba 2022.

Kwanza tuuelewe mpango wenyewe. Mwaka 1987 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilianzisha utaratibu wa kubadilishana wanafunzi, zikauita Erasmus, jina la mwanazuoni wa Rotterdam aliyefariki mwaka 1536 baada ya maisha ya kusoma na kuandika katika nchi nyingi za bara hilo. Mwaka wa kwanza walikwenda wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11. Tangu mwaka 2015 mlango umefunguliwa pia kwa vyuo vya nje ya Ulaya, vikiwemo vya Afrika ya Mashariki, ili mradi chuo kiwe na mkataba na chuo mwenyeji. Mwanafunzi hubaki kuwa wa chuo chake cha nyumbani, halipi ada ya masomo huko aendako, na akirudi, masomo aliyoyafaulu yanahesabiwa katika shahada yake.

Hesabu hiyo hufanywa kwa pointi. Katika utaratibu wa Ulaya mwaka mzima wa masomo ni pointi 60, na muhula mmoja ni pointi 30. Kila pointi ni kazi ya saa 25 hadi 30. Sasa tupige hesabu, ndugu msikilizaji. Somo la pointi 5 linadai saa zisizopungua 125. Lakini darasani mara nyingi lina kipindi kimoja tu kwa juma, cha dakika 90. Kwa majuma 15 hizo hazifiki hata saa 23. Saa mia moja na zaidi zilizobaki anazo mwanafunzi mwenyewe, katika maktaba na chumbani kwake. Hakuna anayemwita jina asubuhi, wala anayemwuliza jana alikuwa wapi. Hilo ndilo jembe nililolitaja.

Mpwa wangu alilipokea kwa vituko. Ratiba yake ya kwanza ilisema 10, yaani saa nne asubuhi, na mbele ya namba hiyo herufi mbili: c.t. Alifika saa nne kamili, akakuta ukumbi mtupu. Akadhani amekosea jengo, akaenda kuzunguka. Aliporudi saa nne u nusu mhadhara ulikuwa umeshika kasi. Kumbe herufi zile ni kifupi cha maneno ya Kilatini, na maana yake ni kwamba mhadhara huanza robo saa baadaye. Zikiandikwa s.t., basi ni saa ile ile kamili, na atakayechelewa amechelewa. Mhadhara ulipokwisha wanafunzi wakaanza kugonga meza kwa vifundo vya vidole. Kijana akaingiwa na hofu, akidhani wamemkasirikia mhadhiri. Kumbe huko ndiko kumshukuru.

Mambo ya serikali nayo hayakumngojea. Anayehamia katika nyumba Ujerumani hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili, na mwanafunzi hana budi kuwa na bima ya afya. Kisha ukaja mwezi Desemba, jua likawa linachomoza saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi. Siku moja akanipigia simu: "Mjomba, huku saa kumi jioni ni usiku." Sauti yake haikunipendeza. Nikamwuliza siku hiyo ameongea na nani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Na wewe."

Nikamshauri awaone walimu wake. Kila mhadhiri huko huwa na saa yake maalumu ya kuonana na wanafunzi, nayo hutangazwa. Kijana alikuwa akiiogopa, maana alizoea kwamba anayeitwa ofisini amefanya kosa. Alipokwenda akasema wazi kwamba hajaelewa, na mhadhiri akakaa naye nusu saa nzima. Tangu siku hiyo akaanza kufungua kinywa katika semina, hata kumpinga mwalimu kwa hoja, na hakuna aliyemwona mkosa adabu.

Mwezi Februari mitihani ikafika. Matokeo ya kwanza alipoyatuma nyumbani, dada yangu alinipigia simu huku analia: mtoto kapata 1.3! Katika vyuo vyetu daraja la kwanza huanzia 4.4, na 5 ndiyo kilele. Nikamweleza kwamba Ujerumani ngazi imegeuzwa: 1.0 ndiyo bora kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, na 5.0 ni kuanguka. Nikamkumbusha kwamba hata kidato cha nne divisheni ya kwanza ndiyo tunayoishangilia. Akafuta machozi, akacheka.

Lakini kicheko hakikudumu. Kijana alikuwa na masomo sita. La sita alilihudhuria kila juma, alisoma mbele ya darasa insha aliyoiandika, na mhadhiri alimfahamu kwa jina. Siku ya mtihani jina lake halikuwamo katika orodha. Huko kuhudhuria somo ni jambo moja na kujiandikisha kwa ajili ya mtihani wake ni jambo jingine, lenye tarehe yake ya mwisho. Tarehe ilikuwa imepita majuma kadhaa nyuma. Tangazo lilikuwako kwenye mtandao wa chuo, kwa Kijerumani. Hakuna aliyemficha, wala hakuna aliyemwambia. Mhadhiri alisikitika naye, lakini orodha haikufunguliwa.

Tusiseme upesi kwamba ni ukatili. Utaratibu huo una sababu yake. Mwanafunzi huko anaruhusiwa mara nyingi kusikiliza somo sasa na kufanya mtihani muhula mwingine atakapokuwa tayari. Kwa hiyo mwalimu hawezi kudhani kwamba kila aliyekaa mbele yake anataka kupimwa. Lazima mwenyewe aseme. Kwa mwenyeji hilo ni uhuru. Kwa mgeni wa muhula mmoja, asiye na muhula mwingine wa kungojea, ni mtego.

Na mtego ulinasa. Somo lile lilikuwa limewekwa badala ya somo la lazima la hapa nyumbani, ambalo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Wenzake walivaa majoho mwaka 2023. Yeye alingoja hadi mwaka uliofuata kwa ajili ya somo moja, na dada yangu akalipa kodi ya chumba na nauli kwa mwaka mwingine ambao hakuupangia.

Basi kijana unayejiandaa kwenda, shika mambo matatu. La kwanza, usipande ndege kabla mkataba wako wa masomo haujatiwa sahihi na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Ukibadilisha somo baada ya kufika, mabadiliko nayo yatiwe sahihi. La pili, juma la kwanza nenda katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uulize kwa kila somo: mtihani huandikishwa wapi, na mwisho ni lini? Andika tarehe hizo, uzibandike ukutani. La tatu, uliza mapema chuo chako kitazigeuzaje alama za huko kuwa za hapa, na jibu ulipate kwa maandishi.

Nawe mzazi, ukipiga simu usiulize baridi tu. Uliza pia: "Umejiandikisha?"

Nilimwuliza mpwa wangu kama anajuta kwenda. Alisema hajuti, ila angependa angejifunza mapema kuuliza. Mwaka ule aliobaki chuoni, kila wenzake wa madarasa ya chini walipopata nafasi ya kwenda Ulaya, walimfuata chumbani kwake. Hakuwaeleza juu ya theluji. Aliwapa kalamu na karatasi, akawaambia waandike tarehe.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Muhula wa ugenini hupimwa siku ya kurudi. Ndugu msikilizaji, kwa leo nakomea hapa. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.