Dhahabu Juu ya Nikeli: Hesabu ya Pini Iliyopinda, Ngara na Biharamulo

Gramu moja ya dhahabu ikitandazwa kwa unene wa mikromita 0.76 inafunika karatasi nzima ya A4, na chenji inabaki. Utando huo ni mwembamba kuliko unywele wa mtu kwa zaidi ya mara 50. Ndio unene wa dhahabu unaopakwa kwenye pini nyingi nzuri za vifaa vya elektroniki. Pini za bei rahisi hupakwa pungufu ya hapo. Chini ya dhahabu kuna tabaka la nikeli, na chini ya nikeli kuna shaba inayobeba umeme wenyewe. Dhahabu imewekwa juu kwa sababu haishiki kutu, na nikeli iko katikati ili shaba isipenye na kuiharibu dhahabu.

Wilaya mbili za kusini mwa Kagera zinayafahamu madini hayo kwa karibu. Biharamulo ndiko uliko mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, uliofunguliwa mwaka 2005 na kuchukuliwa na shirika la madini la serikali, STAMICO, mwaka 2013. Ngara ndiko iliko Kabanga, penye moja ya hazina kubwa za nikeli duniani ambazo bado hazijachimbwa, na ambayo mkataba wake wa Januari 2021 uliipa serikali hisa za asilimia 16. Tunajua jasho, miaka na mabilioni yanayotumika kabla ya madini ya namna hiyo kutoka ardhini. Lakini yakiturudia yamekuwa pini ndani ya simu, tunayachokonoa kwa sindano ya kushonea.

Uchambuzi huu unahesabu gharama ya mkono huo mzito. Hoja yake ni moja: pini haiwezi kuishi milele, ila tunaweza kuchagua uharibifu uangukie wapi, na busara ni uangukie kwenye kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Nusu milimita

Tundu la chaji la simu ndogo na za zamani, lile la micro-USB, lina pini 5. Kati ya hizo ni 2 tu zinazobeba umeme wa kuchajia. Nyingine ni za kupitisha taarifa na utambuzi. Tundu jipya la USB-C lina pini 24, na kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 0.5. Laini ndogo ya simu, ile ya nano, ina unene wa milimita 0.67. Maana yake, ukiweza kusimamisha laini ya simu ndani ya tundu hilo, itaziba nafasi ya pini zaidi ya moja. Ncha ya sindano ikiteleza kwa upana wa punje ya chumvi, imeshavuka kutoka pini moja kwenda nyingine.

Sasa jambo la kushangaza. Matundu haya, micro-USB na USB-C, yametengenezwa yahimili kuchomekwa mara 10,000. Anayechaji mara moja kwa siku anachomeka mara 365 kwa mwaka, kwa hiyo angehitaji zaidi ya miaka 27 kufikisha idadi hiyo. Hata anayechomeka mara tatu kwa siku angefika mwaka wa tisa. Mbona basi simu nyingi hulegea tundu kabla ya mwaka wa pili?

Jibu ni kwamba hesabu ya 10,000 inadhani waya umeingia umenyooka, umetoka umenyooka, na tundu ni safi. Maisha ya Nyakanazi, Biharamulo, au Rulenge, Ngara, hayako hivyo. Simu inachajiwa huku mwenyewe akiongea, waya umepinda pembeni. Inawekwa mfukoni pamoja na sarafu na funguo. Vumbi jekundu la kiangazi, Juni hadi Agosti, linaingia tunduni. Mvua zikirudi, unyevu na jasho vinaligandisha. Kila waya unapoingia unalisukuma vumbi hilo hadi mwisho, likashikamana kama udongo wa kukandikia ukuta. Plagi haifiki tena mwisho, mtu anaongeza nguvu, na pini inalala.

Omu chache, moto mwingi

Fundi huambiwa, “Chaji inapanda polepole, halafu simu inachemka.” Hayo ni malalamiko mawili ya ugonjwa mmoja, na hesabu yake ni ya darasa la fizikia la sekondari.

Kwenye tundu la micro-USB ambalo halijatumika, ukinzani pale pini inapogusana na pini mwenzake unatakiwa usizidi omu 0.03. Chaja ya ampea 2 ikipitisha umeme hapo, joto linalozaliwa ni 2 mara 2 mara 0.03, yaani wati 0.12. Hulisikii. Uchafu au pini iliyolala ikipandisha ukinzani hadi nusu omu, joto linakuwa 2 mara 2 mara 0.5, yaani wati 2. Ni zaidi ya mara 16 ya mwanzo, na zote zinawaka kwenye eneo dogo kuliko punje ya ufuta. Papo hapo volti 1 kati ya 5 za chaja inapotelea njiani, ambayo ni asilimia 20 ya umeme ulioulipia. Plastiki inayoshikilia pini inalainika, pini inacheza zaidi, ukinzani unapanda tena. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Tuutazame umeme huo ulikotoka. Bwawa la Rusumo, mpakani Ngara, lina uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa sawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya ujenzi wake mwaka 2013. Sehemu ya Tanzania inasafiri kwa njia ya kilovolti 220 hadi kituo cha Nyakanazi, Biharamulo. Mto, mitambo, nguzo na transfoma vyote vikishafanya kazi yao, safari inaishia kwenye pini mbili ndani ya tundu la simu.

Walivyoamua wabunifu

Waliotengeneza micro-USB walifikiri sana kuhusu jambo hili. Kwenye aina iliyotangulia, mini-USB, sehemu nyingi zinazochakaa zilikuwa upande wa kifaa. Wao wakazihamishia kwenye plagi ya waya zile springi ndogo zinazobana. Kusudi lilikuwa wazi: kikichoka kitu, uchoke waya wa shilingi elfu chache, simu ibaki.

Kampuni ya Intel nayo ilifanya uamuzi wa jamii hiyo mwaka 2004. Ilizitoa pini kwenye prosesa, ambayo ni ghali, ikazipeleka kwenye soketi ya mazabodi. Kampuni ya AMD ilifuata kwa prosesa zake za kompyuta za mezani za kawaida mwaka 2022, soketi yake mpya ikiwa na pini 1,718. Na juu ya soketi hiyo kiwanda huweka kifuniko cha plastiki, kitu cha bei ndogo kuliko vyote mezani, kibebe kila kishindo hadi dakika ya mwisho.

Sisi tunaipindua hekima hiyo tunapoendelea kutumia waya uliolegea kwa sababu “bado unashika ukiukunja hivi.” Waya wa namna hiyo unakula tundu la simu kila siku. Waya ukianza kutaka kukunjwa, mpango wa mbunifu umetimia: umekufa badala ya simu. Uache ufe.

Hesabu ya mtu mmoja, hesabu ya nchi

Tuchukue mfano wa wakala wa fedha za simu. Msomaji aweke bei za mahali pake. Tuseme waya mzuri ni shilingi 5,000. Kubadilisha sistimu chaji, yaani kipuri pamoja na ufundi, ni shilingi 20,000. Bodaboda kutoka kijijini hadi kwa fundi na kurudi ni shilingi 10,000, na siku moja bila kazi inamnyima kamisheni ya shilingi 10,000. Jumla ni shilingi 40,000, sawa na nyaya nane. Na hapo kipuri kipo dukani. Kisipokuwepo kinasubiriwa kutoka Kahama, Mwanza au Kariakoo ya Dar es Salaam, iliyo mbali kwa zaidi ya kilomita 1,200 za barabara, na kila siku ya kusubiri inaongeza 10,000 nyingine. Umbali ndio unaoifanya pini ya Ngara iwe ghali kuliko pini ya Dar es Salaam, ingawa zimetoka kiwanda kimoja.

Tupande ngazi. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada yake vishikwambi zaidi ya 290,000 vikagawiwa walimu nchini, wa wilaya hizi mbili wakiwemo. Tuseme asilimia 5 tu vinaharibika tundu la chaji. Hivyo ni vishikwambi 14,500. Kwa ukarabati wa shilingi 20,000 kila kimoja, bili ni shilingi milioni 290. Kizibo kidogo cha mpira cha kufunika tundu, tukikipa bei ya shilingi 500, kingegharimu shilingi milioni 145 kwa vyote 290,000. Hesabu inajieleza: kizibo kinarudisha gharama yake kikiokoa kishikwambi kimoja tu kati ya kila 40.

Kuna hasara isiyohesabiwa kwa shilingi. Mwaka 2015 Tume ya Taifa ya Uchaguzi iliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 23 kwa mashine 8,000 za BVR, yaani za kuandikisha kwa alama za vidole na picha, zilizohamishwa mkoa hadi mkoa. Kwa wastani kila mashine ilibeba watu 2,900 hivi. Mashine ya namna hiyo ina kamera, kisoma alama za vidole na printa, vyote vikiunganishwa kwa nyaya na plagi. Ipakie kwenye gari, ipitishe barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, nyaya zikiwa zimeachwa zimechomekwa ndani ya sanduku, na kila shimo linakuwa nyundo inayogonga pini. Plagi moja ikigoma kituoni, kinachosimama ni foleni nzima ya watu walioacha mashamba yao.

Mezani

Kaa saa moja kando ya meza ya fundi makini Biharamulo mjini uone jinsi mikono inavyofanya kazi. Kwanza anazima simu. Anamulika tundu kwa tochi, anatazama kwa lenzi. Hachukui sindano, anachukua kijiti cha meno, anakichonga kiwe bapa, anakipitisha taratibu pembeni mwa ulimi wa katikati, na donge jekundu linatoka kama ganda la karanga. Anamalizia kwa brashi laini na kavu. Mara nyingi “sistimu chaji iliyokufa” inafufuka hapo, bila risasi wala kipuri. Sindano ingekwangua dhahabu, ingegusanisha pini mbili, na dhahabu na nikeli zikishatoboka unyevu unaifikia shaba na kuianzishia kutu ya kijani.

Kwenye kompyuta za shule hatari ni kubwa zaidi. Soketi ya prosesa ya Intel ya mwaka 2015 ina pini 1,151 kwenye eneo lisilofika sentimita 4 kwa 4, kila pini ikiwa springi ndogo iliyoinama upande mmoja. Kidole kikipita juu yake, au kitambaa cha kufutia vumbi kikinasa, zinalala kwa safu kama mahindi baada ya upepo. Kazi ya kuunganisha vipande vya kompyuta ina mpangilio:

Kifuniko cha plastiki kinabaki juu ya soketi mpaka prosesa iwe tayari mkononi, na baada ya hapo kinahifadhiwa kwa sababu siku ya kuihamisha bodi kitahitajika tena.

Prosesa inashikwa kwa kingo, alama ya pembe inalinganishwa, kisha inashushwa wima na kuachwa ikae kwa uzito wake. Ikigoma, inanyanyuliwa na kutazamwa. Haisukumwi.

Kadi ya kumbukumbu (RAM) ya DDR4 ya kompyuta ya mezani ina miguso 288. Pengo lake halipo katikati kabisa, makusudi, ili isiingie kinyume. Inayokataa mara nyingi huwa imegeuzwa, na nguvu haitaigeuza.

Kabla ya yote hayo mtu anagusa chuma tupu kilichounganishwa ardhini. Mwili wa mtu hauhisi cheche ya umeme tuli mpaka ifike volti 3,000 hivi, ilhali baadhi ya vipande vya ndani vinaungua kwa chini ya volti 100. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu na shati likiwa la nailoni, unaweza kukiua kifaa usisikie chochote.

Kwa nyumbani mambo ni machache. Shika kichwa cha plagi, usivute waya. Simu ikiwa kwenye chaji, iache mezani. Weka kizibo au kava lenye kufunika tundu. Kwa ofisi na shule, andikeni kwenye zabuni kwamba vifaa vije na vifuniko vya pini, na mwenye kupokea avihesabu kama anavyohesabu kompyuta. Kila sanduku la kusafirishia liwe na sehemu ya nyaya peke yake, na kila plagi ichomolewe kabla gari halijawashwa.

Hayo yote hayafiki shilingi 6,000 kwa simu moja: kizibo 500, waya mpya 5,000, na kijiti cha meno. Upande wa pili wa mizani tumeona shilingi 40,000, mwalimu asiye na kishikwambi, na foleni iliyosimama. Kama leo waya wako haushiki mpaka uukunje, utupe leo.