Pale Kiatu Kinapoanza Kufa

Kila siku kiatu cha mtu anayevuka Grande Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, hukanyaga ardhi mbili tofauti. Upande wa Gisenyi ni lami. Upande wa Goma, ukishaiacha barabara kuu na kuingia mitaani, ni mawe meusi ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, lava ikapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu. Mei 2021 ulilipuka tena, mara hiyo lava ikaishia pembezoni mwa mji. Lava huganda huku gesi ikitoka ndani yake, na ndiyo maana jiwe lake lina matundu mengi yenye kingo kali. Kwa soli ya kiatu, jiwe hilo ni tupa.

Ajabu ni kwamba soli si lazima iwe ya kwanza kushindwa. Vitu vinavyotumika sana huanza kuharibika pale vipande viwili vinapokutana: soli na ngozi, kishikio na mkoba, uzi na kitambaa. Kila hatua kiatu hujikunja chini ya vidole, na mkunjo huo huivuta gundi upande huu na upande ule. Maji yakishapenya, hata ufa mdogo kama unene wa kucha huongezeka haraka. Fundi viatu hodari haridhiki na kupaka gundi peke yake. Hufungua palipoachia, husugua vumbi na gundi ya zamani, hupaka gundi mpya pande zote mbili na kuiacha ishike kidogo kabla ya kubana. Kisha huchukua msharasi, akatoboa na kushona ukingoni kwa uzi uliopakwa nta. Nta huzuia maji kufuata tundu la sindano.

Kisigino nacho kina tabia yake. Watu wengi hutua kwa ukingo wa nje wa kisigino, kwa hiyo huliwa upande mmoja. Kipande cha mpira kikibandikwa hapo mapema, kazi ni ndogo. Kikiachwa, kiatu huinama, uzito wa mwili hulalia upande mmoja, na ngozi ya juu huanza kupasuka, jambo ambalo ni gumu zaidi kulitengeneza. Wengi humpelekea fundi kiatu wakiwa wamechelewa, kwa sababu kisigino hakionekani na anayekivaa.

Mvua za Ziwa Kivu ni nyingi, hasa Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba, na viatu vilivyolowa hupata adhabu ya pili nyumbani: huanikwa karibu na jiko. Joto kali hukausha mafuta yaliyomo ndani ya ngozi, ikawa ngumu na kukatika kwenye mikunjo, na pia hulainisha gundi. Afadhali kuvijaza karatasi, kuibadilisha ikilowa, na kuviweka kivulini penye hewa. Dawa ya viatu hupakwa ngozi ikishakauka kabisa. Ikipakwa mapema huufungia unyevu ndani, na ukungu hupenda hivyo.

Zipo soli zisizotaka huruma ya fundi. Soli nyepesi za poliyurethani, zilizo kwenye viatu vingi vya mtumba, huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa taratibu hata zikiwa kabatini. Kiatu kinaweza kuonekana kipya, kikavaliwa siku moja, na soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Hapo hakuna gundi itakayosaidia. Ndara za tairi kuukuu ziko kinyume kabisa. Mpira wa tairi umetengenezwa kuhimili msuguano wa barabara, na kanda hupitishwa kwenye nafasi zilizokatwa kwenye soli. Ukanda ukikatika hubadilishwa wenyewe, soli ikaendelea. Kenya huziita akala, Tanzania katambuga. Goma mpira huohuo huzungushiwa magurudumu ya mbao ya chukudu, baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

Mikoba ina historia yake mpakani. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya 2008, na anayeingia nayo hunyang'anywa. Kwa hiyo vitu hubebwa kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa, ambayo hudumu kwa sharti kwamba vishikio vyake vimeshonwa vizuri. Kishikio kilichoshonwa kwenye kitambaa cha tabaka moja hung'oka na kipande cha kitambaa hicho. Kikiwekewa kiraka nyuma, uzito husambaa.

Zipu ya mkoba ikianza kujifungua nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno hayana kosa. Kichwa ndicho kimepanuka kwa kuvutwa mamia ya mara, hakiyabani tena. Kukibana kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha mwingine, huirudisha kazini. Kukibana kwa nguvu hukivunja. Kipande cha mshumaa kikipitishwa kwenye meno huilainisha.

Chuma huteswa zaidi na hali ya hewa. Moshi wa volkano una salfa dioksaidi, ambayo huifanya mvua kuwa na asidi, na mabati ya paa huota kutu mapema. Nyaya za mwavuli nazo hushikwa na kutu. Mwavuli uachwe wazi mpaka ukauke kabla ya kufungwa.

Hati za kuvukia mpaka, zikiwa za karatasi, hukatika kwenye mkunjo, kwani nyuzi za karatasi huvunjika kila inapokunjuliwa. Utepe wa gundi huonekana kama dawa, lakini baada ya muda hugeuka njano, gundi yake ikaenea na kuvuta uchafu juu ya maandishi. Jalada gumu linaloiweka hati bila kuikunja hugharimu kidogo. Hati ikishapoteza namba au picha haifai tena kuungwaungwa, bali kuombewa nyingine.