Utangulizi: Elimu ya Kutunga Maua

Kwa Kiswahili tunatunga shairi, tunatunga shanga, tunatunga samaki, na tunatunga maua. Kitenzi ni kimoja, nacho ndicho mlango wa kuingilia elimu hii ya mapambo ya mkono katika nyumba na sherehe za pwani. Kutunga ni kupitisha uzi mmoja katika vitu vingi vidogo mpaka viwe kitu kimoja. Aliyewahi kuhangaika na mizani ya ubeti atamwelewa upesi mtunga maua.

Karibu, basi, nasi tuanze na asumini, maana ndiyo yenye mengi ya kufundisha. Wanabotania huiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini, na jina lake limetoka Uajemi likapitia Uarabuni. Ua hili hufunguka usiku. Kwa hiyo huchumwa alasiri likiwa bado tumba, jeupe, limefumba. Mtungaji huanza kuchoma sindano kwenye kikonyo akijihadhari na petali, kwani petali iliyojeruhiwa hugeuka rangi kabla wageni hawajaingia. Hapo ndipo penye siri ya kazi yenyewe: koja, yaani mkufu wa maua, hutungwa limefumba, hufumbuka likiwa limekwisha kutundikwa ukutani au kuvishwa bibi harusi. Fundi hapambi kwa kile alichokishika, anapamba kwa kitakachonukia saa tatu usiku. Sijaona kazi nyingine ya nyumbani inayotaka hesabu ya saa kiasi hicho.

Kikuba nacho kina mambo yake. Ni kidogo, huvaliwa karibu na mwili, na ndani yake hukutana asumini, rehani, mkadi na, bahati ikiwapo, kilua. Mwaka 1970 mwanabotania Bernard Verdcourt alipoipa jina jenasi ya mti wa kilua, unaoota katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, alichukua neno letu kama lilivyo: Mkilua fragrans. Naliona hilo kuwa deni la sayansi kwa wanawake waliolijua ua hilo kwa pua zao kabla halijaandikwa popote.

Yapo pia makuti machanga yanayochanwa na kukunjwa kupamba lango la harusi, na vibendera vya karatasi vinavyotungwa kwenye kamba na kuvushwa kichochoroni siku za furaha. Navyo vina mafundi wao, ingawa karatasi humsamehe mtu akichelewa, asumini haisamehe.

Watafiti wametuandikia mengi kuhusu milango ya nakshi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ni haki yao: Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Lakini chumba chenye zidaka hakikukamilika siku ya harusi mpaka kiwe na maua, na maua yale hayakumfikia mtafiti kwa sababu asubuhi yalikuwa yamenyauka. Ushahidi wake umo katika vidole vya watu walio hai.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kufungua sura ya kwanza, mtafute mama au bibi anayejua kutunga. Mwendee alasiri, chukua sindano, umwombe akuonyeshe.