Pacha Mmoja Ametangulia, Mwengine Bado: Wazee Wafanye Nini?



Himdi zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Suali hili huulizwa sana na wazee waliojaaliwa mapacha. Watoto wamezaliwa siku moja na wananyonya ziwa moja, lakini mmoja keshakwenda tata na mwengine bado anatambaa. Au mmoja anaita mama na baba, mwenzake ananyoosha kidole tu. Je, huyu wa pili ana maradhi? Kapatwa na jicho? Au ni kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu, kuwa mwenzake kamnyang'anya nguvu tumboni?

Jawabu fupi ni kuwa tofauti baina ya mapacha, peke yake, si maradhi. Kinachotazamwa ni umri wa mtoto, si pacha wake.

Kila mmoja ni mja peke yake

Sheria haiwahisabu mapacha kuwa ni mtu mmoja. Kila mmoja hupewa jina lake, huchinjiwa aqiqa yake, na zakaatul-fitri hutolewa kwa kila kichwa. Katika Surat Nuh, aya ya 14, tunakumbushwa kuwa Allah ametuumba hatua baada ya hatua. Hatukuambiwa kuwa hatua hizo watu wawili watazipiga siku moja.

Elimu ya tiba nayo inaeleza sababu. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, kwa hivyo kimaumbile ni kama ndugu wa kawaida waliopishana miaka. Hata wanaofanana, huenda mmoja alipata chakula kingi zaidi tumboni akazaliwa na uzito mkubwa, au mmoja aliugua baada ya kuzaliwa. Tena kila mtoto ana tabia yake: huyu hamu yake ni miguu, yule hamu yake ni maneno.

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano: Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Takriban wote walianza kutembea wenyewe baina ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wachache hawakutambaa kwa magoti kabisa, na bado wakatembea. Basi pacha aliyetembea kwa miezi 10 na mwenzake aliyetembea kwa miezi 16, wote wawili wamo ndani ya kawaida.

Hisabu umri wake wa kweli

Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37 za mimba. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 8, tunafahamishwa kuwa Allah anayajua yanayopunguzwa na yanayozidishwa na matumbo ya uzazi, na wafasiri wamelihusisha hilo na muda wa mimba pia. Mtoto aliyezaliwa kwa wiki 34 amewahi kwa wiki sita. Anapotimiza mwaka, kimakuzi yeye ni wa miezi kumi na nusu tu. Madaktari huihisabu tofauti hii mpaka mtoto afike miaka miwili. Kwa hivyo mama asivunjike moyo akiwalinganisha mapacha wake na mtoto wa jirani.

Katika kusema pia, mapacha aghlabu huchelewa kidogo kuliko mtoto wa peke yake, kwa kuwa maneno ya mama hugawika baina ya wawili. Dawa yake ni nyepesi: kila siku mchukue kila mmoja peke yake, japo kwa muda mchache, umsemeze kwa jina lake. Na yule mwepesi wa kusema asiachiwe kumjibia mwenzake.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni lakabu. "Huyu mjanja, yule mzito." Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza kuitana kwa majina mabaya, na mtoto naye ana haki hiyo. Jina analoitwa kila siku hukua nalo. Tumkumbuke Nabii Musa (A.S.), aliyekiri kuwa ndugu yake Harun ana ufasaha zaidi wa ulimi. Hakumhusudu, alimuomba Mola amfanye msaidizi wake. Na huyo asiyekuwa fasaha ndiye Allah aliyemsemeza.

Hatari ya pili ni kinyume chake, nayo ni kungoja kwa kusema "atakuja mwenyewe" wakati mtoto anahitaji msaada. Mpeleke kituo cha afya, pamoja na kadi yake ya kliniki, ukiona kwa umri wake wa kweli:

- miezi 9 hajakaa bila ya kushikwa;
- miezi 18 hajatembea, au hana hata neno moja;
- miaka miwili haungi maneno mawili;
- kabla ya mwaka anatumia mkono mmoja tu;
- hageuki akiitwa au akisikia sauti;
- amepoteza alichokuwa akikiweza. Hili halingojwi hata siku moja, kwa umri wowote.

Jicho ni kweli, na kumsomea mtoto Qur'ani na dua ni katika Sunna. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu pia. Kisomo hakizuii hospitali, na masikio ya mtoto asiyesema yapimwe mapema.

Uadilifu ni upi?

Baba yake Nu'man bin Bashir alipompa mwanawe zawadi, Mtume (S.A.W.) alimuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia. Kwa hivyo zawadi ziwe sawa. Ama matunzo, huenda kwa haja: pacha anayehitaji mazoezi ya miguu akipewa muda zaidi, mwenzake hakudhulumiwa, maadamu mapenzi na bashasha wanapata wote.

Basi mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Akisonga mbele, mshukuru Allah. Akisimama au akirudi nyuma, inuka umtafutie tiba.

Allah awajaalie watoto wetu kuwa vitulizo vya macho yetu. Wallahu a'lam.