Timu hufa mazoezini, si uwanjani

Ukitaja kikapu pale Roret, mtu wa kwanza kukusikia atafikiria majani chai. Huku ni Bureti, kaunti ya Kericho, na kapu ni lile analobeba mama mgongoni tangu asubuhi hadi karani alipime kwenye kituo cha kununulia majani. Sisi vijana tulikuwa na kikapu chetu kingine: ringi tuliyochomelewa na fundi wa mageti, ikapigiliwa kwenye mti wa mkaratusi, bila wavu. Mvua ya alasiri ikinyesha, na upande ule inapenda sana kunyesha alasiri, mpira unagoma kudunda. Ndiyo maana kitu cha kwanza tulichojifunza ni kupeana pasi.

Na bado timu yetu ilikufa kwa sababu ya pasi.

Tulikuwa wanane. Sita tulikuwa wana wa wakulima wa hapo hapo, tumekua tukiongea Kikipsigis kuanzia jikoni hadi sokoni. Wawili walitoka kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, mwendo wa boda boda kutoka kwetu. Mmoja alikuwa Mkisii, mwingine Mluo, na wazazi wao walikuja kuchuma majani kabla wao hawajazaliwa. Yule Mkisii ndiye aliyekuwa mrefu kuliko sote, na manze, alikuwa anaruka! Mimi nilikuwa nahodha. Hakuna aliyenichagua, ila mpira ulikuwa wangu.

Desemba moja tukaingia mashindano ya vijana. Zawadi ilikuwa jezi, mipira miwili na pesa za kugawana. Lakini kilichotunyima usingizi ni habari kwamba kocha wa chuo fulani atakuja kutafuta wachezaji wa kusaidiwa karo. Sote tulijua akimchukua mmoja, atakuwa yule mrefu.

Zikiwa zimebaki dakika nne, tulikuwa mbele kwa pointi tisa. Wapinzani wakaanza kutubana. Joto likipanda, mdomo hurudi nyumbani, na mimi nikaanza kupanga ulinzi kwa Kikipsigis. "Badilisheni!" "Anakuja nyuma yako!" "Rudi chini!" Watatu walinisikia. Mmoja hakusikia chochote. Mara ya kwanza mtu wake akapita peke yake, akafunga. Mara ya pili tukamfokea. Mara ya tatu tukaacha kumpa mpira.

Hakuna aliyesema tumnyime. Ilitokea tu. Akawa anasimama chini ya ringi, mkono juu, kama mtu anayesimamisha matatu iliyojaa. Tukapoteza kwa pointi mbili.

Yule kocha wa chuo aliondoka kabla hatujasalimiana na wapinzani. Januari yule mrefu hakuja mazoezini. Wiki mbili baadaye mwenzake naye akapotea. Kufikia Pasaka, mkaratusi ulibaki na ringi yake na hakuna timu. Ukiniuliza wakati huo, ningekuambia refa alituibia.

Hata wenye mamilioni

Nilipohamia Nairobi nikaanza kufuatilia kikapu cha kulipwa kwa karibu, na nikagundua ugonjwa wetu wa Roret haukuwa wa umaskini wala wa tope. Los Angeles Lakers waliugua ugonjwa huo huo.

Shaquille O'Neal na Kobe Bryant walitwaa ubingwa wa NBA mara tatu mfululizo: 2000, 2001 na 2002. Msimu wa 2003-04 wakaongezewa Karl Malone na Gary Payton, majina mawili makubwa yaliyokuwa yakitafuta pete ya kwanza. Kwenye karatasi, nani angewagusa? Lakini Shaq na Kobe walikuwa wakirushiana maneno kupitia wanahabari tangu kabla ya msimu kuanza. Mmoja aliamini kila shambulizi lipitie kwake chini ya ringi. Mwingine aliamini muda wake wa kuongoza umefika. Malumbano yalikuwa ya zamani na wote waliyajua, ila ushindi uliyafunika.

Fainali ya 2004 wakakutana na Detroit Pistons, timu ambayo mfungaji wake bora msimu ule, Richard Hamilton, hakufikisha hata wastani wa pointi 20 kwa mechi. Pistons wakawapiga 4-1. Mwezi uliofuata Shaq akauzwa Miami Heat. Alibeba taji huko 2006. Kobe akabeba yake na Lakers 2009 na 2010. Kila mmoja alithibitisha kwamba alikuwa bora. Walichoshindwa ni kukubaliana mpira ni wa nani, na lini.

Miezi miwili tu baada ya fainali ile, Marekani ikapeleka timu kwenye Olimpiki ya Athens. Ilikuwa na Tim Duncan, Allen Iverson, na chipukizi LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony. Timu hiyo ilikusanywa wiki chache kabla ya michezo. Mechi ya kwanza wakachapwa na Puerto Rico 92-73. Nusu fainali wakatolewa na Argentina 89-81, wakarudi nyumbani na shaba. Argentina hao, wakiongozwa na Manu Ginóbili, walikuwa wamecheza pamoja kwa miaka, na ndio waliobeba dhahabu.

Ngumi moja, msimu mzima

Kisa cha karibuni zaidi unakijua, maana video ilizunguka kwenye simu zetu zote. Juni 2022 Golden State Warriors walikuwa mabingwa. Oktoba, kabla msimu mpya haujaanza, Draymond Green alimpiga ngumi mwenzake Jordan Poole mazoezini. Green aliomba msamaha, akapigwa faini, akakaa nje siku chache, kisha akarudi. Mbele ya kamera kila mtu alisema mambo yamekwisha.

Yalikwisha kweli? Angalia jedwali la msimu huo. Nyumbani, mbele ya mashabiki wao, Warriors walishinda mechi 33 na kupoteza 8. Ugenini walishinda 11 na kupoteza 30. Sitakudanganya kwamba ngumi pekee ndiyo iliyofanya hivyo. Kulikuwa na majeraha na mambo mengine. Lakini ugenini ndiko timu hubaki na watu wake tu. Hakuna umati wa kukubeba, ni wewe na wale unaokaa nao benchi. Katikati ya 2023 Poole akapelekwa Washington Wizards.

Ukiweka visa hivi pamoja, unaona kitu kimoja. Hakuna timu iliyovunjika siku ya mechi. Mechi ilikuja tu kusoma matokeo. Kuvunjika kulitokea siku ya kawaida, mazoezini au kwenye basi, wakati mtu alimeza neno ambalo angelisema, au akalisema kwa mtu asiyehusika.

Si lazima mpendane

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani maelewano ya timu ni urafiki: mle pamoja, mcheke pamoja, mpige picha pamoja. Urafiki ni mzuri, lakini kazi ya maelewano ni nyingine. Ni kila mtu kujua kazi yake, kujua kazi ya mwenzake, na kuambiwa mambo hayo waziwazi kwa maneno anayoyaelewa.

Chukua Morans wetu, timu ya taifa. Februari 2021 walikuwa Yaoundé, Cameroon, wakitafuta tiketi ya AfroBasket, mashindano ambayo Kenya haikuwa imecheza tangu 1993. Wachezaji wengine walitoka ligi ya nyumbani, wengine ng'ambo. Kocha, Liz Mills kutoka Australia, alikuwa amepewa timu muda mfupi tu kabla ya mechi hizo. Yaani kila sababu ya kuvurugana ilikuwepo: kocha mgeni, muda mdogo, vijana waliokulia kwenye mifumo tofauti.

Wakakutana na Angola, mabingwa wa Afrika mara 11. Sekunde za mwisho, Kenya ikiwa nyuma, mpira ukaenda kwa Tylor Ongwae, ambaye amewahi kuchezea Bakken Bears ya Denmark. Akaruka, akaachilia, kengele ikalia. 74-73. Kama ulikuwa na Twitter siku ile, unakumbuka.

Mimi huitazama video hiyo nikiwaangalia wale wanne wengine. Kila mchezaji wa kikapu duniani ameota kurusha mpira wa mwisho. Wanne hao waliacha ndoto hiyo kwa sekunde chache, wakafanya kazi ya kumpa mwenzao nafasi. Sikuwa kwenye chumba chao cha kubadilishia nguo, kwa hivyo siwezi kukuambia kama walipendana. Ninachoona ni watu waliojua mpira ule ni wa nani. Mwaka huo huo Morans wakacheza AfroBasket kule Kigali na kuishinda Mali, na Mills akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye mashindano hayo.

Kwetu nyanda za juu hatukuhitaji kikapu kutufunza hili. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alizungukwa na waweka kasi 41 waliokuwa wakipokezana. Baadhi yao walikuwa na medali za dunia na za Olimpiki. Siku hiyo kazi yao ilikuwa kukata upepo na kupisha. Kila mmoja alijua anaingia wapi na anatoka wapi, na kabla ya kumaliza wakamwachia barabara.

Maswali ya kuuliza leo

Usifikiri haya ni ya wanamichezo tu. Ukiwa kwenye kikundi cha densi, kwenye biashara ndogo na marafiki, au kwenye chama cha kuweka akiba, jiulize mambo matatu.

La kwanza: kila mtu anajua kazi yake? Si ile iliyoandikwa, ile anayoifanya siku mambo yakiharibika. Lakers walikuwa na mastaa wanne na hawakuwa na jibu moja.

La pili: kuna mtu mnayemzungumzia asipokuwepo? Jambo likianza kusemwa pembeni, limeshaanza kula timu. Bora maneno machungu mazoezini kuliko ukimya dakika ya mwisho.

La tatu, na hili ndilo langu: mnaongea lugha gani? Simaanishi kabila pekee. Kuna kundi la WhatsApp ambalo mmoja wenu hayumo. Kuna mzaha ambao mmoja hauelewi. Kuna mafumbo ya waliosoma shule moja. Kila mmoja anaonekana mdogo, hadi siku mtu anapohitaji kusikia neno "badilisheni" na halisikii.

Siku hizi kukosea hivyo kuna bei kubwa zaidi. Mwaka wa 2025 Nairobi City Thunder ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL. Kikapu sasa kinaweza kuwa kazi ya kijana wa hapa. Pasi moja aliyonyimwa mtu inaweza kuwa mshahara wake.

Foleni ya matatu

Mwaka jana nilikutana na yule mrefu wetu Nairobi, kwenye foleni ya matatu, jioni ya mvua. Sasa ni fundi umeme, ana mtoto mmoja. Tulisalimiana kama watu wanaotafuta pa kuanzia. Tulipofika kwenye mechi ile, nikamwomba msamaha kwa kumnyima mpira.

Akatikisa kichwa. "Mpira nilishausahau," akasema. "Ile siku nilidhani mnanisema mimi."

Nilikosa jibu. Alikulia kambini. Baada ya uchaguzi wa 2007 alikuwa mtoto mdogo, na aliona majirani zao wakifunga virago kwa sababu ya kabila lao, wengine wasirudi tena. Sauti kubwa, kwa lugha asiyoielewa, kutoka kwa watu waliomzunguka: kwangu ilikuwa ulinzi wa kikapu. Kwake ilikuwa kitu kingine kabisa. Na katika miaka yote miwili ya kucheza pamoja, sikuwahi kumuuliza.

Matatu yake ilifika kwanza. Kabla hajapanda akaniuliza kama ringi bado iko. Nikamwambia iko, imepata kutu, lakini mkaratusi umesimama.

Usiku huo nikafungua kundi la WhatsApp la watu wanane, nikaandika kwa Kiswahili: mechi moja, Desemba, Roret, tukishafunga kazi. Watano wamejibu, na yeye ni mmoja wao. Ameandika kwamba goti lake limezeeka na nahodha lazima apigiwe kura.

Tumebaki kutafuta mpira. Ule wangu ulipasuka zamani.