Biere za mama zetu: kuonja kwa akili, na kuangalia mahindi



Wengi wetu tukisema "biere" tunawaza chupa. Primus, Simba, Turbo King. Primus ilianza Kinshasa mwaka 1926, wakati mji ulikuwa bado Léopoldville, na kazi ya kiwanda kikubwa kama kile ni moja: chupa ya leo ifanane na ya jana. Ulaya na Marekani watu wengi wamechoka na ladha moja, wakarudia viwanda vidogo, kila kimoja na pombe yake. Kigali pia mama mmoja Mnyarwanda, Josephine Uwineza, alitaka kuanzisha kimoja. Mwaka 2016 kiwanda kidogo cha Canada kinachoitwa Beau's kilimsaidia kukusanya michango ya kukianzisha.

Sisi huku Wamaza hatuna cha kurudia, ju hatukuacha. Kila mama anayepika pombe njo kiwanda kidogo. Kinachokosekana ni kuonja kwa akili na kuuliza nafaka ilitoka wapi.

Tuanze na sukari. Hakuna pombe bila sukari: chachu inakula sukari, inatoa kilevi na hewa ile inayofanya povu. Malofu ya mungazi iko rahisi, ju utomvu wa mti unashuka tayari na sukari, na chachu ya porini inaingia yenyewe ndani ya kibuyu. Ukionja asubuhi, saa mbili, ni tamu, karibu maji ya sukari. Mchana inachoma ulimi kidogo, inanukia kama matunda. Jioni iko kali. Kesho yake bakteria zimegeuza kilevi kuwa siki. Mti mmoja, mgema mmoja, ladha nne. Nani anasema hatuna aina mbalimbali? Mwenye kutaka kujifunza kuonja aanze hapo: bilauri ndogo asubuhi, nyingine mchana, nyingine jioni, na aandike alichosikia ulimini. Mbili kubwa si kuonja tena.

Ndizi nazo ziko na sukari yake zikiiva, njo maana kasikisi haihitaji kazi nyingi sana.

Nafaka ni jambo lingine. Ndani ya mahindi na muhogo kuna wanga, na chachu haiwezi kula wanga. Lazima kitu kiukate uwe sukari. Kitu hicho ni vimeng'enya, na punje inavitengeneza yenyewe inapoanza kuota. Kwa hiyo mama analoweka mahindi, anayafunika majani, anangoja mizizi itoke, anayaanika, anayatwanga: hicho ni kimea. Muhogo hauna nguvu hiyo, njo maana wanauchanganya na kimea cha mahindi. Mchele wetu ukiota unatoa vimeng'enya kidogo tu, basi mwenye kupika na mchele achanganye vilevile. Katanga na Zambia wamepata njia nyingine. Munkoyo yao inatumia mizizi ya mmea wa porini, na mizizi hiyo ndiyo inayokata wanga wa uji. Siku ya kwanza munkoyo ni tamu na kilevi ni kidogo sana, hata watoto wanakunywa.

Tena moto. Vimeng'enya vinafanya kazi vizuri uji ukiwa moto wa kuunguza kidole lakini bila kuchemka, karibu digri 65. Ukitia kimea ndani ya uji unaochemka, umekiua. Mama zetu wanangoja uji upoe kidogo kisha wanakitia. Hawana kipimo cha joto, wanatumia mkono. Ukionja pombe nzito kama uji, isiyo tamu wala kali, mara nyingi kosa liko hapo.

Sasa neno lililonifanya niandike. Sokoni nimesikia mara nyingi: "Haya mahindi yameota kuvu, hayafai bukari, tuyapeleke kwa pombe." Wandugu, hapana. Kuvu fulani wanaacha sumu inayoitwa aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi. Kenya, mwaka 2004, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo inaharibu ini, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka inaleta kansa. Inaweza kupita kutoka kwa nafaka mpaka ndani ya pombe, na ulimi hauisikii, hata ulimi wa mwonjaji mzuri namna gani. Kimea chenyewe kiko hatarini zaidi, ju kinakaa kwenye unyevu na joto, namna kuvu wanavyopenda. Kikiota vya kutosha kianikwe juani upesi, safu nyembamba, juu ya turubai au mkeka, si chini ya udongo. Mvua ikikaa siku tatu, afadhali kukausha juu ya moto mdogo. Pombe itanukia moshi, na mimi moshi huo naupenda.

Lutuku siionji, na siwashauri. Ngoma ya chuma na bomba lenye kutu havitenganishi vizuri methanoli, na methanoli inapofusha.

Kwa nini mtu wa agronomia ajisumbue na haya? Angalieni Uganda. Mwaka 2002 Nile Breweries ilianza kutoa Eagle Lager kwa mtama unaoitwa Epuripur, uliotoka kituo cha utafiti cha Serere, na wakulima wadogo wakapata mnunuzi wa mazao yao. Mnunuzi huyo anataka punje kavu, safi, za aina moja. Mama mpikaji wa Wamaza naye ni mnunuzi. Akianza kukataa kuvu na kulipa faranga kidogo zaidi kwa mahindi makavu, mkulima wa hapa atajenga ghala lenye hewa bila kungoja mradi wowote. Ndugu Mwislamu asiyegusa pombe naye anauza mahindi sokoni, na bukari ya nyumba yake inatoka kwa ghala lilelile.

Msimu huu nitaotesha mahindi ya aina tatu, kila moja bidoni yake, maji yaleyale, siku zilezile. Mwenye mbegu ya zamani ya Kabambare, ile ya punje ndogo nyekundu, aniletee vikombe viwili, vikavu.