Labrador Mchanga Afunzwe Kungoja

Anayemlea mtoto wa Labrador ili aje kuwa mbwa wa kuwinda huwa na hamu ya kumwona akikimbilia ndege. Lakini hilo halihitaji kufunzwa. Mbwa hawa, waliotambuliwa na Kennel Club ya Uingereza mwaka 1903, wamezalishwa kwa vizazi vingi kwa kuchaguliwa wale wanaopenda kuokota kitu na kukileta. Kazi ya mwalimu ni kumzoeza kungoja, na kumwamini mtu kiasi cha kumkabidhi alichokipata.

Mtupie wa wiki 9 soksi iliyopigwa fundo, ndani ya nyumba, mahali pembamba. Ataikimbilia, ataidaka, kisha atasita: aje nayo au atoroke nayo? Wengi huharibia hapa. Ukimfukuza, ataona kukukimbia ni mchezo mtamu. Ukimpokonya, kesho ataing'ang'ania kwa meno, na mazoea hayo yakikomaa atakuja kuponda mbavu za ndege. Kwenye mashindano ya mbwa wa kuwinda ya Uingereza mbwa wa namna hiyo huondolewa. Basi chuchumaa, mgeuzie ubavu, mwite kwa uchangamfu. Akifika usiiguse soksi. Mpapase kifuani, mwache ajivunie kidogo, ndipo ukinge kiganja chini ya kidevu uipokee. Mara mbili tatu kwa siku zatosha. Meno ya utoto yakianza kung'oka, simamisha zoezi hili, asije akahusisha kuleta kitu na maumivu ya fizi.

Wiki hizo za mwanzo ni za thamani. Utafiti wa wanasayansi Scott na Fuller huko Bar Harbor, Marekani, uliochapishwa kitabuni mwaka 1965, ulionyesha kwamba takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12 mbwa huzoea watu na mazingira kwa wepesi. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi aone ng'ombe, magari na watoto.

Kuhusu bunduki, nasema bila kupepesa maneno: kumpeleka penye milio ili kumpima ni ukatili, na hofu ya siku moja yaweza kudumu miaka. Mlio wa kwanza usikike kwa mbali sana, naye akila au akicheza, kisha usogezwe kidogo kidogo kwa majuma.

Kungoja kwenyewe huanzia kwenye bakuli la chakula: akae, atazame, aruhusiwe. Akilimudu hilo, tupa soksi akiwa ameketi, uende kuiokota mwenyewe mbele ya macho yake. Fanya hivyo mara nyingi kuliko unavyomtuma. Filimbi moja ndefu iwe amri ya kuketi, fupifupi za mfululizo ziwe za kuja.

Siku ya kwanza ya uwindaji, akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, asitumwe popote. Aketi kando ya mguu wako huku ndege wakianguka na mbwa wakubwa wakienda. Akilialia au kuchomoka, hajawa tayari. Mrudishe kwenye bakuli na filimbi.